Mbishi, Mkaidi au Mpinzani? Maneno ya Kutokubaliana na Maisha ya Jumuiya



Katika mwaka wa kwanza wa falsafa, somo linalotutoa jasho wengi wetu ni mantiki. Kinachosumbua zaidi ni lugha. Tunasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mengi ya kutokubaliana: oppose, object, contradict, deny, refute, dissent, protest, resist. Ukifungua kamusi ya visawe utayakuta yamepangwa safu moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja na lolote laweza kukaa mahali pa mwenzake. Mwanafunzi anayeiamini safu hiyo atapata taabu siku ya mtihani, maana mwalimu wa mantiki hatakubali kamwe kwamba "contrary" na "contradictory" ni kitu kimoja.

Tumeona vema kuandika juu ya maneno haya kwa sababu inayovuka darasa. Sisi tumezaliwa Hirbadaw, wilayani Hanang, katika Jimbo la Mbulu. Huko nyumbani tumeona kitenzi kimoja kilichoandikwa vibaya katika daftari la jumuiya kikikaribia kuifanya familia yenye msiba ibaki peke yake. Tutaieleza habari hiyo mbele kidogo. Kwanza tuyapitie maneno yenyewe.

Visawe visivyo sawa

Maneno mengi kati ya hayo ya Kiingereza yametoka Kilatini, na kila moja lina picha yake. "Oppose" ni kuweka kitu mbele ya kingine ili vikabiliane. "Object" ni kutupa kitu mbele ya mtu aliye safarini, kama mtu anayerusha jiwe njiani ili mwenzake asimame kwanza atazame. "Contradict" ni kusema kinyume. Hapa mgongano uko katika kauli. "Dissent" ni kuhisi tofauti; mtu aweza kuhisi hivyo na bado akakaa katika benchi lile lile na wenzake. "Resist" ni kusimama imara usisukumwe. Na "protest", neno ambalo leo linatukumbusha mabango na maandamano, asili yake ni kutoa ushuhuda mbele ya watu. Kwa asili ya neno hilo, anayefanya hivyo anashuhudia jambo analoliamini, na "hapana" yake inatoka katika "ndiyo" aliyokwisha kuisema mahali pengine.

Aristotle alilishughulikia jambo hili karne nyingi kabla ya Kristo. Aliona kwamba kauli mbili zaweza kupishana kwa namna zaidi ya moja, na walimu waliomfuata wakazichora namna hizo katika mraba ambao kila mseminari huuchora mpaka auote usiku. Tuutazame kwa mfano wa kwetu.

Chukua kauli hizi: "Kila mfugaji wa Hirbadaw ana mbuzi" na "Hakuna mfugaji wa Hirbadaw mwenye mbuzi." Haziwezi kuwa kweli zote mbili. Lakini zaweza kuwa za uongo zote mbili: akipatikana mfugaji mmoja mwenye mbuzi na mwingine asiye nao, zote zimeanguka. Hii ndiyo "contrary".

Sasa chukua hizi: "Kila mfugaji wa Hirbadaw ana mbuzi" na "Yuko mfugaji wa Hirbadaw asiye na mbuzi." Hapa hakuna njia ya tatu. Moja ni kweli na nyingine ni uongo, lazima. Hii ndiyo "contradictory".

Kisha kuna jozi nyingine: "Wako wafugaji wenye mbuzi" na "Wako wafugaji wasio na mbuzi." Masikioni zinasikika kama zinagombana. Kumbe zote mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na kwa hakika kwetu ni kweli.

Tukirudi vijijini na mraba huu mkononi, tutagundua kwamba magomvi yetu mengi ni ya jozi ya kwanza au ya mwisho, ila sisi tunayaendesha kama ni ya jozi ya pili. Mmoja anasema vijana wetu wanasali, mwingine anasema vijana wetu hawasali. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, wakati mmoja amewatazama wale wa kwaya na mwingine amewatazama wale wa kijiwe cha bodaboda. Au mmoja anasema kila kiongozi ni mwizi, mwingine anajibu hakuna kiongozi mwizi hata mmoja, nao wanakesha wakitaka tuchague upande, hali wote wawili wamekosea.

Kiswahili hakina upungufu

Wapo wanaosema kwamba fikra za namna hii zinahitaji Kiingereza. Hatukubaliani nao. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tatizo ni kwamba tunayamimina yote katika kapu moja.

Kukataa ni kutopokea unachopewa au kutotenda unachoombwa. Katika ahadi za ubatizo tunamkataa Shetani, hatujadiliani naye. Kukana ni kusema huna uhusiano na mtu, au jambo si lako. Petro alimkana Bwana katika ua wa kuhani mkuu. Hakupinga hata fundisho lake moja, alisema tu kwamba hamjui, na ndiyo maana kosa lile lilimliza. Kukanusha ni kusema kwamba habari iliyotolewa si ya kweli. Kukinzana ni kauli mbili kutoweza kukaa pamoja. Kukosoa ni kuonyesha kosa ili lirekebishwe. Kukaidi ni kujua unachopaswa kufanya na kutokifanya kwa makusudi. Kususia ni kujitoa katika jambo ili kutokuwepo kwako kuonekane. Kugoma ni kuweka chini kazi. Kuasi ni kuikataa mamlaka yenyewe, na siyo tu agizo lake moja.

Kupinga kuna picha ya kuzuia njia, kulaza kitu kwa kukingama. Pingo la mlango ni ndugu wa neno hili. Anayepinga amelaza gogo njiani. Ni lazima tumwulize anazuia nini kisipite, na kwa nini.

Kubisha ni neno tajiri kupita tunavyodhani. Mabaharia wa pwani wanalitumia kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo, kikikata huku na huku mpaka kinafika. Sisi wa bara tunalijua kwa mabishano. Lakini sote, wa pwani na wa bara, tunabisha hodi. Neno lile lile tunalomtupia mtu msumbufu ndilo tunalolitumia kwa mgeni mwenye adabu anayegonga na kungoja akaribishwe.

Na kuna neno lililotuhuzunisha tulipolichunguza: hitilafu. Limetoka Kiarabu, na huko maana yake ni kutofautiana. Tunasema bado watu wamehitilafiana, yaani hawana rai moja. Lakini ukisikia "hitilafu" redioni leo, mara nyingi ni umeme uliokatika au mtambo ulioharibika. Tofauti imegeuka kuwa ubovu. Hatusemi kwamba neno hili peke yake limetuharibia mawazo. Tunasema tu kwamba linatuonyesha tulivyo: tukiona watu wawili hawakubaliani, tunatafuta fundi.

Neno mpinzani nalo lina historia. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi nchini mwaka 1992, limevaa nguo za siasa, na mtu akiitwa hivyo katika kikao cha kigango, watu hugeuka kumtazama kana kwamba ameingia na bendera. Inafaa kukumbuka jinsi mfumo huo ulivyorudi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka kukusanya maoni, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 tu ndio waliotaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilipendekeza mabadiliko, na mabadiliko yakafanyika. Wachache hawakuitwa wakaidi. Sauti yao ilipimwa kwa uzito wa hoja.

Wahenga walisema wengi wape. Lakini upo usemi mwingine, mkali zaidi: mkataa wengi ni mchawi. Usemi huu una hekima yake, kwa kuwa mtu anayejitenga na kila kitu anaivunja jamii. Ila ukichukuliwa kama kanuni ya ukweli, ni hatari. Idadi ya mikono iliyonyooshwa inatuambia watu wanataka nini. Haituambii kama wanachotaka ni haki. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika kwamba hoja inayotegemea mamlaka ya kibinadamu peke yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Na mamlaka ya wengi ni ya kibinadamu.

"Amekataa mchango"

Sasa tuieleze ile habari ya kwetu. Hatutataja jina la mtu wala la jumuiya, kwa kuwa wahusika wangali wanasali pamoja.

Kigango kilihitaji bati. Jumuiya moja yenye familia kumi na tisa ilikaa kupanga mchango, na uongozi ukapendekeza shilingi 30,000 kwa kila kaya. Mzee mmoja akasimama. Akasema hakubaliani na kiwango cha sawa kwa wote: mjane mwenye kuku watatu na mwanamume mwenye ng'ombe hamsini hawawezi kubebeshwa mzigo mmoja na tukauita mzigo ule usawa. Kikao kilikuwa kimekwenda mpaka jua linazama, na mifugo ilikuwa inarudi. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee wangu, ubishi huu utatuchelewesha." Watu wakacheka kidogo. Mzee akakaa. Katibu akaandika katika daftari: "Mzee fulani amekataa mchango."

Baada ya siku ile mzee alianza kuja mara moja moja, kisha akaacha kabisa kuja kwenye sala za jumuiya. Uongozi ukabadilika. Viongozi wapya hawakuwa na kumbukumbu ya maneno yaliyosemwa. Walikuwa na daftari.

Miaka miwili baadaye mke wa mzee alifariki. Msomaji wetu anajua utaratibu wa sehemu nyingi hapa nchini: kabla ya maziko, parokia huuliza kama marehemu na familia yake ni wanajumuiya hai, na jawabu hutoka kwa viongozi wa jumuiya. Usiku ule viongozi walikutana. Daftari likafunguliwa, na sentensi ile ikasomwa kwa sauti. Mmoja akasema kwamba kanuni ni kanuni. Tukiwazika waliokataa kuchangia, kesho nani atachangia? Sisi tulikuwa nyumbani kwa likizo na tulikuwa tumekwenda kusaidia kubeba mabenchi, kwa hiyo tuliyasikia haya tukiwa tumesimama karibu na mlango.

Ndipo mama mmoja mtu mzima akaomba kusema. "Mwenyekiti, nami nilikuwepo siku ile. Hakukataa mchango. Alileta gunia la mahindi, tukalipokea mimi na mwenzangu, tukaliuza mnadani. Alichokikataa ni kipimo."

Katekista akauliza, "Mama, una hakika?"

"Nina hakika, mwalimu. Na mimi ndiye yule mjane aliyekuwa anasemewa."

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Kisha katekista akasema kwamba ataandika barua kwenda parokiani usiku ule ule, na mwendesha pikipiki akaondoka nayo kabla ya mapambazuko. Misa ya maziko iliadhimishwa, jumuiya nzima ikaimba.

Tutambue kilichotokea. Katibu hakuwa mwongo. Aliandika alichokisikia, ila alikuwa na kitenzi kimoja tu mkononi. Mzee alikuwa amepinga kigezo; daftari likasema amekataa tendo. Mwenye kukataa mchango ameliacha kanisa bila bati. Mwenye kupinga kigezo anataka bati ipatikane kwa haki. Hawa ni watu wawili tofauti, nao wanadai majibu mawili tofauti: wa kwanza anahitaji kuhimizwa, wa pili anahitaji kujibiwa.

Walipomwendea mzee baada ya matanga kumshukuru na kumwomba arudi, aliwapokea vizuri, ila aliomba jambo moja: daftari lisahihishwe. Sentensi ya zamani haikufutwa. Chini yake pameandikwa mstari mwingine unaoeleza alichosema hasa.

Mashamba ya ngano

Nchi yetu ya Hanang imewahi kuona jambo la namna hii kwa kiwango kikubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la kilimo, NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifika mashamba saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na kusudi lile halikuwa baya.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walikwenda Mahakama Kuu, Arusha, kulishtaki shirika hilo juu ya ardhi. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Shirika likakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu ile. Wafugaji wa Kibarabaig, kwa upande wao, walilalamika kwamba wamepoteza malisho bora, kwamba njia za kupeleka mifugo kwenye maji na chumvi zimefungwa, na kwamba makaburi ya wazee wao, yale wanayoyaita bung'eda, yamepitiwa na plau.

Mtu aliyesikia habari hizi kwa mbali angeweza kusema kwa wepesi, "Watu wale wanapinga maendeleo." Lakini turudie picha ya neno lenyewe: kupinga ni kulaza gogo njiani. Wafugaji hawa walikuwa wanalalamika kwamba njia zao ndizo zilizopingwa. Malalamiko yao yalihusu malisho, mapito na makaburi, na mtu aweza kuitaka ngano na bado akataka kaburi la babu yake liheshimiwe. Tukitumia mraba wa Aristotle, kauli "ngano inahitajika" na kauli "malisho yanahitajika" hazikinzani. Zinakinzana tu pale mtu anaposema ngano ichukue kila mahali, au malisho yachukue kila mahali.

Hatuna uwezo wa kuihukumu upya kesi ile, wala si kazi yetu. Tunachokiona ni kwamba wanakijiji wale walitumia njia ya kistaarabu kuliko zote: walikwenda mahakamani wakasema neno lao. Tofauti kati ya shauri na uasi ni kubwa mno kuachwa izibwe na neno moja.

Wazee wetu walilijua hilo. Katika nchi ya Hanang na Mbulu, Wairaqw, Wabarabaig na wengine wanaishi jirani, wakikutana katika Kiswahili. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya baraka ambayo mzee huitamka katika mkutano, watu wakiitikia. Waliobishana na waliokubaliana wanaiitikia baraka moja. Wabarabaig wana baraza la wanawake ambalo laweza kumwita mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Katika jamii ambayo mgeni angeidhani ni ya wanaume peke yao, "hapana" ya wanawake imepewa kiti chake na sheria yake.

Je, mseminari anaweza kupinga?

Swali hili linatugusa sisi moja kwa moja. Tunajiandaa kuahidi utii kwa askofu. Je, kujifunza maneno ya kupinga hakupingani na wito wetu?

Kanisa lenyewe linatujibu. Paulo alimpinga Petro waziwazi kule Antiokia, naye hakuacha kumtambua kuwa nguzo. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu kwa sababu kulikuwa na mabishano makali juu ya tohara ya watu wa mataifa, na mabishano yale ndiyo yaliyozaa uamuzi tunaoufuata mpaka leo. Thomas wa Akwino, katika kila makala ya kitabu chake kikuu, anaanza na hoja za wanaompinga, tena anazieleza kwa nguvu kiasi kwamba mwanafunzi mvivu akiishia hapo ataondoka akiamini kinyume. Ndipo huja "sed contra", kisha jibu lake, kisha anarudi kwa kila hoja na kuijibu moja moja. Hakuna aliyepinga anayeachwa bila jawabu. Na kwa karne nyingi, kabla ya mtu kutangazwa mtakatifu, Kanisa lilimteua ofisa wa kutafuta sababu za kumkataa, yule ambaye watu wanamwita wakili wa shetani. Mtu huyo alilipenda Kanisa, na kazi yake ilikuwa kupinga. Utaratibu huo uliendelea mpaka mageuzi ya Yohane Paulo II ya mwaka 1983.

Mwaka huo huo wa 1983 ilitoka Sheria ya Kanisa tunayoitumia sasa. Kanuni ya 212 inawataka waamini wawatii wachungaji wao. Kanuni hiyo hiyo, katika aya ya tatu, inasema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, kuwajulisha wachungaji maoni yao juu ya mambo ya manufaa ya Kanisa, kwa kutunza imani na maadili, kwa heshima kwa wachungaji, na kwa kujali faida ya wote. Utii na kutoa maoni vimewekwa katika kanuni moja. Aliyepanga hivyo hakuona kwamba vinakinzana.

Mipaka ipo. Kuikana imani si maoni. Kuasi si kukosoa. Kukaidi, yaani kutotenda baada ya kusikilizwa na kujibiwa, ni jambo jingine kabisa na kubisha kabla ya uamuzi. Bikira Maria alimwuliza malaika jambo hilo litakuwaje, na swali lake halikuwa ukaidi; baada ya kujibiwa alikubali kwa moyo wote. Utii wake haukupungua kwa kuwa uliuliza.

Katika midahalo ya shule za kale za Kanisa, mwenye kujibu alitakiwa kwanza kuirudia hoja ya mwenzake. Kisha alikuwa na maneno matatu ya kuchagua: concedo, nakubali, nego, nakana, na distinguo, natofautisha. Neno la tatu ndilo gumu, na ndilo tunalolihitaji zaidi vijijini. Mwenye kutofautisha anasema: katika ulichosema, hiki ni kweli, hiki si kweli, tusiviunganishe. Laiti siku ile mtu mmoja angesema, "Mzee, umekubali mchango, umepinga kipimo, sivyo?" mambo yangeishia pale pale kabla ng'ombe hawajafika zizini.

Mambo matatu ya kujaribu

Tungependa kuwapa viongozi na wanajumuiya wanaosoma gazeti hili mambo matatu, madogo lakini yanayowezekana.

Kwanza, mtu asipokubaliana nasi, tuirudie kauli yake kwa maneno yetu mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndivyo." Kabla hajasema hivyo, hatujaanza kumjibu.

Pili, tuulize anakataa nini: lengo, njia, kiwango, wakati, au mtu? Mara nyingi tutakuta amekubali manne na kupinga moja.

Tatu, katibu aandike kitenzi sahihi. Daftari linaishi kuliko kikao. Asiandike "amekataa" mahali pa "ameuliza", wala "amepinga uongozi" mahali pa "amekosoa hesabu". Na kabla ya kufunga kikao kwa sala, asome alichoandika, wenye maneno yao wayasikie. Hili halichukui zaidi ya dakika tano.

Kwetu sisi waseminari, ambao siku moja, Mungu akipenda, tutaletewa madaftari hayo mezani na kuulizwa kama mtu fulani azikwe na Kanisa au asizikwe, jambo la nne linaongezeka: tusiamue kwa neno moja lililoandikwa jioni ya kikao kirefu. Tuwatafute waliokuwepo. Tuulize alisema nini hasa. Na mtu akija ofisini kubisha, tukumbuke kwamba alianza kwa kubisha hodi, tumkaribishe akae kwanza.